Snea inapigwa, toazi linalia: kuiweka sawa moduli ya ngoma za umeme

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha taarabu na kidumbaki hapa Wete, Pemba. Tumepata seti ya ngoma za umeme iliyotumika, imetoka Japani: moduli (kisanduku kinachotoa sauti), pedi tatu za mpira, snea ya wavu, kiki (ngoma ya kupigwa kwa mguu), matoazi matatu na pedali ya haihati (toazi la kufunga na kufungua kwa mguu). Kitabu chake ni cha Kijapani. Nikipiga snea, toazi la kushoto nalo linalia. Pigo moja la snea mara nyengine linasikika mawili. Haihati imeganda kwenye sauti ya kufunga. Tukiunga kwenye mikisa inavuma. Fundi mmoja katuambia moduli imekufa, tununue nyengine. Ni kweli? Na je, inaweza kutoa sauti ya dumbaki?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Moduli haijafa. Moduli iliyokufa haitoi sauti mbili, haitoi hata moja. Matatizo manne uliyoyataja yana vyanzo mbalimbali, na hakuna hata kimoja kinachodai mnunue moduli nyengine. Kinachodaiwa ni kufuata taratibu: adapta kwanza, kisha waya na skrubu, kisha menyu, na ndani ya menyu yenyewe kuna kinachotangulia na kinachofuata. Wengi huanzia mwisho. Huingia kwenye menyu wakazungusha kila namba inayozungushika, na baada ya saa moja hakuna anayejua tena kosa la awali lilikuwa lipi.

Adapta, kabla hamjaendelea kuiwasha

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu, Unguja na Pemba, ni 230. Igeuzeni adapta msome mstari wa INPUT. Ikiwa imeandikwa 100-240V haina neno, inataka kichwa cha kuchomekea tu. Ikiwa imeandikwa 100V peke yake, ikitiwa ukutani moja kwa moja itaungua, na ikiungua vibaya inaweza kwenda na moduli. Kwa vile yenu imeshawaka, ama adapta ni ya aina ya kwanza, ama mmepewa na transfoma ya kushushia, ama aliyewauzia ameitafutia adapta nyengine madukani. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuichunguza.

Linganisheni adapta na maandishi yaliyo karibu na tundu la umeme la moduli. Volti ziwe zile zile, na DC isichanganywe na AC. Miliampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi. Zikizidi hazidhuru, zikipungua moduli hujizima na kujiwasha yenyewe katikati ya wimbo. Halafu kuna kile kichoro cha duara chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa: nacho kifanane. Moduli nyingi za Roland hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya pini, ilhali adapta ya ruta ya intaneti aghalabu ni volti 12 na katikati yake ni chanya. Ubaya ni kwamba inaingia kwenye tundu lile lile bila ya kukataa.

Baada ya hapo irudisheni moduli kwenye hali ya kiwandani. Mwenyewe wa mwanzo huenda alikuwa na pedi nyengine kabisa, na namba zake zote bado zimo humo ndani. Amri yenyewe kwa kawaida imo kwenye menyu, pahala palipoandikwa Factory Reset, au hupatikana kwa kushikilia vitufe fulani wakati wa kuwasha. Itafuta sauti alizozitengeneza yule bwana, na hilo si hasara. Kuhusu kitabu, msijisumbue na Kijapani: Roland, Yamaha na Alesis wote huweka vitabu vya Kiingereza kwenye tovuti zao bure, na menyu ya moduli yenyewe mara nyingi huwa ni ya Kiingereza hata ikiwa imeuzwa Tokyo.

Moduli inasikia nini

Ndani ya kila pedi pamebandikwa kisahani cha shaba, upana wake aghalabu milimita 27 au 35, chenye duara jeupe la kauri juu yake. Hicho huitwa piezo. Ni kidude kile kile kinacholia ndani ya saa ya kengele ya mezani, isipokuwa hapa kinafanya kazi kinyume: badala ya kupewa umeme kikatetemeka, kinatetemeshwa kikatoa umeme. Kwa hiyo moduli haisikii ngoma wala haijui fimbo. Inaona umeme mdogo unaopanda ghafla, kisha unashuka ukitikisika.

Umeme huo ukipanda, moduli huuliza kwanza: umevuka kizingiti? Usipovuka, huupuuza. Ukivuka, husubiri kiasi cha milisekunde 2 ione kilele chake kiko wapi, na kilele hicho hugeuzwa namba kati ya 1 na 127, ambayo ndiyo nguvu ya pigo. Sauti inatoka. Hapo moduli huziba masikio kwa milisekunde chache, maana pedi bado inatikisika. Ikizibua, hulinganisha kila mtikisiko mpya na mabaki ya ule wa kwanza ili ijue kama ni pigo jipya. Na wakati wote huo hutazama pedi za jirani. Jirani akiwa amepigwa kwa nguvu na hapa pametikisika kidogo tu, huenda hapa hapakupigwa, ni mtetemo uliopita kwenye vyuma vya fremu.

Kila hatua hapo ina namba yake kwenye menyu. Toazi lako linalojipigia na snea yako inayosema mara mbili ni hatua mbili mbalimbali, na dawa ya moja haiitibu nyengine.

Waya na skrubu

Tazameni pini za jeki. Pini ya stirio ina mikanda miwili myeusi, ya mono ina mmoja. Pedi yenye sauti mbili, ya katikati na ya ukingoni, inataka waya wa stirio, kwa sababu katikati hupita ncha ya pini na ukingo hupita mkanda wa kati. Ukiweka waya wa gitaa, ambao ni mono, ukingo hunyamaza. Kwenye toazi huwa kubaya zaidi, kwani ukingo wa toazi nyingi hauna piezo bali swichi nyembamba ya kubonyea, na waya wa mono huifunga swichi hiyo moja kwa moja. Moduli hudhani mtu amelishika toazi kwa mkono, nalo likatoa mlio wa mkato usiokwisha hamu.

Ikiwa seti yenu inatumia fungu moja la waya lenye plagi pana ya pini nyingi, kila kichwa kina karatasi yenye jina lake. Zisomeni zote. Kwenye vitu vilivyotumika, vichwa viwili kubadilishana pahala ni jambo la kila siku.

Kisha vyuma. Kazeni vibano vyote vya fremu, na hakikisheni hakuna pedi inayogusa pedi nyengine wala waya uliobanwa kati ya vyuma viwili. Toazi lining'inie na kuyumba kwenye mpira wake. Nati ikikazwa sana, kila mtikisiko wa fremu huingia ndani yake. Kiki ikae juu ya zulia au busati nene, si juu ya jukwaa la mbao tupu.

Snea ya wavu inataka uangalifu wake, na hapa ndipo pahala pa kwanza pa kutafuta lile pigo maradufu. Wavu ukilegea, fimbo ikitua wavu huzama, hurudi juu, huzama tena, na kila kuzama ni umeme mpya. Kazeni skrubu kwa kuvukana: moja, kisha inayoikabili upande wa pili, nusu mzunguko kila mara, mpaka fimbo iruke vizuri na wavu usikunjike ukibonyezwa kwa kidole. Katikati, chini ya wavu, kuna koni ya sponji inayobeba mtetemo mpaka kwenye piezo. Vueni wavu muitazame. Joto na unyevu wa kwetu huilainisha gundi, na sponji kuukuu hugeuka ungaunga. Koni ikiwa imelala upande au imekuwa fupi kiasi cha kutogusa wavu, hakuna namba ya menyu itakayoiponya snea hiyo. Koni mpya hukatwa kwa sponji ngumu, ipite ukingo wa pedi kwa milimita 2 au 3, ibandikwe kwa mkanda wenye gundi pande mbili.

Pedi ambayo hailii kabisa, badilisha waya wake na wa pedi inayolia. Uzima ukihama na waya, waya wa mwanzo ndio mbovu. Usipohama, fungua pedi: mara nyingi ni uzi mwekundu uliong'oka kwenye duara jeupe. Fundi redio anaulehemu kwa dakika moja, ila aambiwe asikawize chuma cha moto hapo, kauri haipendi joto.

Menyu, kwa mfuatano wake

Chagueni kwanza aina ya pedi kwa kila tundu. Jina la pedi limeandikwa chini yake, na moduli ina orodha. Ukichagua jina sahihi, namba zote nyengine hujipanga karibu na zinapotakiwa. Pedi ikiwa ya kampuni nyengine, chagua inayofanana nayo kwa umbile: mpira kwa mpira, wavu kwa wavu, toazi kwa toazi. Hapa pana mtego mmoja: pedi za Yamaha na za Roland haziungi ukingo kwa namna moja, kwa hiyo seti ya mchanganyiko inaweza kupiga katikati vizuri na ukingo ukawa bubu daima.

Ya pili ni wepesi wa pedi, Sensitivity. Kwenye moduli kadhaa za Roland huanzia 1 mpaka 32. Piga kwa nguvu unayoitumia kwenye shughuli, si nguvu ya kujaribia, huku ukitazama kipimo kwenye kioo. Pigo lako kali kabisa ndilo lifike juu. Ikiwa hata pigo la wastani linafika juu, teremsha. Ngoma ambayo kila pigo lake ni 127 haina uhai, na msikilizaji huchoka bila ya kujua kilichomchosha.

Kisha kizingiti, Threshold. Anza na 0, panda moja moja mpaka pedi iache kulia yenyewe watu wakipita jukwaani, usimame hapo. Kikipanda mno, mapigo madogo ya snea hupotea. Kwa mpigaji wa taarabu hiyo ni hasara kubwa, maana nusu ya kazi yake imo kwenye hayo madogo.

Sasa pigo maradufu. Wavu ukiwa umeshakazwa na bado snea inasema mara mbili, kuna namba mbili za kushughulika nazo. Mask Time ni muda wa kuziba masikio. Kuiweka milisekunde 8 au 10 ni salama. Tupige hesabu: mapigo manane kwa sekunde moja, ambayo ni kasi ya kutosha, yanaachana kwa milisekunde 125, kwa hiyo 10 haiyagusi. Lakini fimbo mbili zikitua karibu pamoja, moja mbele kidogo ya nyengine, huachana kwa 20 au 30 tu. Ukipandisha Mask Time mpaka 25, lile pigo pacha linaanza kuliwa. Ya pili ni Retrigger Cancel, inayozuia mabaki ya mtikisiko yasihesabiwe pigo jipya: panda taratibu huku ukipiga mfululizo wa haraka, na mara mfululizo utakapoanza kutoa mapengo, rudi hatua moja nyuma.

Sauti ya toazi la jirani huja mwisho, baada ya yote hayo, kwa sababu kila ukibadilisha wepesi au kizingiti hesabu yake nayo hubadilika. Na kabla ya kuigusa Xtalk, namba inayoizuia pedi isilie kwa mtetemo wa jirani, hakikisheni ugonjwa ni huo. Chomoeni waya wa toazi kwenye moduli, kisha pigeni snea. Sauti ya toazi ikiendelea, hapana mtetemo hapo: kwenye seti ya sauti mliyoichagua snea imepewa sauti mbili, au waya zimebadilishana. Ikinyamaza, rudisheni waya, mlivue toazi kwenye fremu, mtu alishike hewani kwa mkono, mpige tena. Likinyamaza sasa, mtetemo ulikuwa unapita kwenye vyuma. Likiendelea kulia hali liko hewani, shaka iende kwenye fungu la waya au kwenye pini iliyolegea.

Ikiwa ni vyuma, panueni masafa kwanza: hamisheni mkono wa toazi kwenye bomba jengine lisilobeba snea, au mliweke juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Hiyo ni dawa kuliko namba yoyote. Ikibaki kidogo, ndipo mpandishe Xtalk ya toazi, yaani ya kile kinacholia bila ya kupigwa, si ya snea. Watu wengi huipandisha ya snea, wakaona hakuna kilichobadilika, wakasema moduli ni mbovu. Panda mbili mbili, simama toazi linaponyamaza. Ikizidi, siku mtakayopiga snea na toazi kwa pamoja mwisho wa ubeti, toazi halitasikika.

Hifadhini. Moduli nyengine hujihifadhi zenyewe, nyengine hudai mbonyeze Save, na umeme ukikatika kabla ya hapo kazi ya jioni nzima imekwenda.

Haihati iliyoganda

Chomoa waya wa pedali kwenye moduli, piga toazi la haihati. Kwenye moduli nyingi, bila ya pedali haihati hulia wazi. Ikilia wazi, moduli ni nzima na kosa limo kwenye waya au pedali. Ikiwa bado inalia ya kufunga, tazameni kama waya wa toazi lenyewe umeingia tundu la haihati au la toazi jengine, na kama sauti iliyochaguliwa si ya kufunga tupu.

Waya wa pedali hii mara nyingi sharti uwe wa stirio. Wa mono huifanya moduli isome pedali imekanyagwa muda wote au haikukanyagwa kabisa. Pedali ikiwa ya kampuni nyengine, huenda imeungwa kinyume. Mkiwa na mita, ipangeni kwenye omu, mguse viungo viwili vya jeki ya pedali na mtu akanyage polepole: namba ibadilike kidogo kidogo. Ikisimama pale pale, ndani ya pedali mna uchafu au mpira ulioganda. Fungueni, mfute kwa kitambaa na spiriti. Na wakati wa kuwasha moduli, mguu uwe mbali. Ziko moduli zinazopima pedali pale pale zinapowaka, na ikiwa imekanyagwa hudhani huko ndiko kuachia.

Mvumo kwenye mikisa

Sikilizeni kwa hedifoni kwanza, mikisa ikiwa haijaungwa. Mkisikia mvumo humo, ni adapta. Msiposikia, ni njia ya kuendea mikisa.

Njia hiyo aghalabu ni waya mrefu wa mono uliolazwa sambamba na ekstensheni ya umeme. Waya wa aina hiyo usizidi mita 5 au 6, na ukikutana na waya wa umeme uukate msalaba, usifuatane nao. Mikisa ikiwa mbali, tumieni DI boksi yenye transfoma: moduli inaingia kwa jeki, na kutoka hapo kwenda mikisa ni waya wa maikrofoni wa pini tatu, ambao hata mita 30 hauna shida. Kwenye boksi kuna swichi ya kukatia ethi (waya wa ardhini). Mvumo ukibaki, ibadilisheni. Mkiwa mmeunga na kompyuta, chomoeni chaja yake kwa majaribio, maana mara nyingi ethi ya chaja na ethi ya mikisa ndizo zinazozunguka. Msithubutu kukata pini ya ethi ya amplifaya. Mvumo utaondoka, na siku amplifaya itakapovuja umeme atakayeshika maikrofoni ndiye atakayekuwa ethi.

Bila ya DI, unganisheni na tundu la laini la mikisa, si la maikrofoni. Tundu moja likitosha, tumieni lililoandikwa L/MONO. Sauti ya moduli iwe robo tatu, gein ya mikisa (kiwango cha kupokelea sauti) ipandishwe kutoka chini. Washeni moduli, kisha mikisa, spika mwisho. Kuzima kuanze na spika. Spika nayo iwe ya inchi 10 au 12 angalau. Kiki ya umeme haina huruma na spika za nyumbani.

Dumbaki

Inaweza, kwa njia tatu, na inategemea moduli yenu ni ya umri gani.

Njia nyepesi ni kupekua orodha ya sauti zilizomo. Huwa mna bongo, konga, tari, manyanga na vijiti, na baadhi ya moduli zina darbuka ambayo haiko mbali na dumbaki. Cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti) hamtapata shida kuvifananiza. Dumbaki yenyewe ndiyo ngumu, kwani uzuri wake umo kwenye tofauti ya dumu ya katikati na taka ya ukingoni. Pedi yenye sehemu mbili ipeni dumu kwenye uso na taka kwenye ukingo, mfanye hivyo kwa pedi mbili, moja ikawa ya juu na moja ya chini, na mtakuwa na jozi ya kidumbaki. Kwa mkono mtupu pedi ya mpira haitikii vizuri. Pandisheni wepesi wake na mteremshe kizingiti, na kiki iondolewe kwenye seti hiyo isije ikajipigia.

Njia ya pili ndiyo ningewashauri, kwa sababu kikundi cha taarabu hakikosi kinanda. Kinanda cha mashariki, kama vile Yamaha za mfululizo wa PSR-A au Korg Pa za toleo la mashariki, kina darbuka na rika (tari ya Kiarabu) zilizorekodiwa vizuri. MIDI ni lugha ambayo ala za umeme hupelekeana namba za mapigo. Ungeni MIDI OUT ya moduli na MIDI IN ya kinanda kwa waya wa pini tano. Kwenye kinanda chagueni sehemu moja, muipe seti ya ngoma za Kiarabu, muiwekee chaneli 10, ambayo ndiyo moduli nyingi hutumia. Kisha bonyezeni vibonye vya kinanda kimoja kimoja mpaka msikie dumu mnayoitaka, na mhesabu namba yake kuanzia C ya kati, ambayo ni 60. Kila kibonye, cheupe na cheusi, ni moja. Namba hiyo iandikeni kwenye pedi, menyu ya MIDI Note. Angalieni tu kwamba Yamaha huiita 60 hiyo C3, na Korg na Roland huiita C4, kwa hiyo fuateni namba, msifuate jina, la sivyo mtakuwa oktavo nzima pembeni. Mkitumia sauti za kawaida za General MIDI (mpango wa namba ulio sawa kwenye ala nyingi) badala ya hizo: bongo ni 60 na 61, konga 62 mpaka 64, tari 54, manyanga 70 yasimame pahala pa cherewa, vijiti 75 pahala pa mkwasa. Sauti ya moduli yenyewe iteremsheni kwa pedi hizo, vyenginevyo mtasikia snea na dumbaki kwa pamoja.

Ya tatu ni kurekodi dumbaki yenu wenyewe, moduli ikiwa inapokea faili kwa kadi au yuesbii. Rekodini chumbani penye nguo na magodoro, feni imezimwa, maikrofoni sentimita 20 hivi kutoka kwenye ngozi. Kila pigo lirekodiwe laini, wastani na kali. Faili ziwe WAV, 44,100 kwa sekunde, biti 16, mono. Sekunde moja haifiki kilobaiti 90, kwa hiyo nafasi haitakuwa tatizo. Jambo la kusimamia ni mwanzo wa faili. Kateni kimya chote kabla ya pigo. Milisekunde 20 za kimya hazionekani kwenye kioo cha kompyuta, lakini mpigaji atazihisi kwenye kila pigo, atakimbizana na wimbo, na lawama itaiangukia moduli.

Sauti zikitoka kwenye kompyuta badala ya moduli, bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa) iwe sampuli 128, ambayo ni kama milisekunde 3. Ikiwa 512 ni karibu 12, na hapo mkono unaanza kuona uzito.

Chumvi na unyevu

Kila baada ya masika, jeki zote zipulizwe dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ichomekwe na kuchomolewa mara kumi hivi. Si mafuta ya cherehani. Hayo hunasa vumbi. Moduli ilale ndani ya sanduku lenye vipakiti vya kunyonyea unyevu, isiachwe imefunikwa nailoni ikiwa bado ina joto. Mkivuka kwa boti kwenda Unguja, fremu inaweza kukaa na mizigo, moduli na adapta vikae na nyinyi.

Jina kamili la moduli lipo kwenye kibandiko cha chini, herufi na namba. Tutumieni hilo pamoja na maandishi ya adapta, tuwaambieni ni menyu zipi mtazikuta na kama inapokea faili.